Seredani Katika Chumba cha Mzazi

Kama upo jikoni, endelea na kazi yako huku umetega sikio. Kama mtoto analia, mnyonyeshe kwanza, mimi nitakungoja.

Leo tuzungumze juu ya baridi. Najua mgeni wetu aliyetoka Limuru au Nyahururu atacheka akisikia watu wa Mokowe wanalalamika baridi, maana huko kwao watu huamka na majani yameganda kwa umande. Hapa kwetu usiku wa Julai kipimajoto huonyesha kama nyuzi 23 au 24. Kwa mtu mzima mwenye shuka hiyo si baridi ya kutisha. Lakini mfikirie mtoto aliyezaliwa jana. Miezi tisa alikaa tumboni katika joto la nyuzi 37, mchana na usiku, bila kupungua. Ametoka akiwa na maji mwilini, ngozi yake ni nyembamba, kichwa chake ni kikubwa kuliko kiwiliwili kinavyostahili, na hajui hata kutetemeka ili apate joto kama tunavyotetemeka sisi. Ukija upepo wa kusi ukipita chini ya mlango, pamoja na mvua iliyolowesha kuta, mtoto huyo hupoteza joto upesi sana.

Wazee wetu walilijua hilo. Ndiyo sababu mzazi hukaa arobaini chumbani, akakandwa kwa maji ya moto, akanywa uji wa pilipili manga, na seredani ya makaa ikawekwa karibu na kitanda. Sikuja leo kuidharau arobaini. Mwanamke aliyejifungua anahitaji kupumzishwa na kulishwa, na laiti kila mke angeipata hiyo heshima ya siku 40. Nimekuja kwa sababu ya hicho kitu kimoja, seredani.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa zamu ya usiku katika kituo kimoja cha bara, wakati kusi ilikuwa kali. Saa nane za usiku akaja mvuvi na bodaboda, kampakia mkewe aliyejifungua siku tisa nyuma, na nyuma yao bodaboda nyingine imembeba mama mkwe na mtoto. Mke anatapika, kichwa kinamuuma hata hawezi kufungua macho. Mama mkwe miguu haina nguvu. Mtoto amelegea, ukimpa titi halishiki. Wa kwanza kati yetu kusema alisema ni malaria. Tukapima, hakuna malaria. Tukauliza chakula walichokula, wote walikula mkate wa mofa na chai, na mtoto hakula mkate. Tukawa tunatazamana. Ni yule mvuvi aliyesema, kwa sauti ya chini kama anayeona haya, kwamba alipofungua mlango wa chumba alikutana na joto kama la tanuri, na seredani ilikuwa katikati ya chumba imejaa makaa mekundu.

Waliwekwa kwenye oksijeni, na Mungu akawajalia wote watatu wakapona. Lakini hebu fikiri nami kidogo. Yule bwana hakutakiwa kurudi mpaka alfajiri. Alirudi kwa sababu bahari ilichafuka na nahodha akaona heri wageuze. Lau usiku ule bahari ingekuwa shwari, sijui angekuta nini.

Sasa ni kitu gani kilichowapata? Makaa yanapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haikeri macho wala haikoholeshi. Ifananishe damu yako na boti za pale jeti ya Mokowe. Kazi ya boti ni kuwapakia abiria, kuwavusha Amu, kuwashusha, na kurudi kuchukua wengine. Damu nayo hupakia oksijeni kifuani, ikaishusha kwenye ubongo, moyoni, na kwa mama mjamzito ikaishusha kwa mtoto tumboni. Kaboni monoksidi ni abiria anayeingia botini kabla ya wenzake na akifika hashuki. Hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Boti zinakwenda na kurudi zimejaa, lakini ng'ambo hakuna anayeshuka. Mtu huyo anavuta pumzi kama kawaida huku ubongo wake unakosa hewa.

Na ubaya wake ni kwamba huanza na usingizi. Kichwa kinauma, mwili unalegea, mtu anasema ni uchovu wa uzazi, ngoja nilale kidogo. Akilala ndani ya chumba kile hasikii tena chochote.

Akina mama wengi huniambia, "Lakini mimi huingiza seredani moshi ukishakwisha." Mama, moshi ukishakwisha ndipo unapodanganyika zaidi. Moshi huchoma macho ukakufukuza, lakini kaa jekundu lisilo na moshi halikufukuzi, nalo linaendelea kutoa ile gesi. Wengine huyafunika makaa kwa jivu ili yadumu mpaka asubuhi. Kaa lililofunikwa linakosa hewa, na kaa linalokosa hewa ndilo linalotoa sumu zaidi. Wengine huweka sufuria ya maji juu yake au pembeni, wakiamini maji yatainywa sumu. Maji hayainywi. Ubani na udi navyo hunukia vizuri tu, havipunguzi kitu, na chetezo ni makaa vilevile.

Hapo bibi yangu mmoja, mkunga wa siku nyingi, aliwahi kuniuliza swali ambalo lilinifanya ninyamaze kwanza. Alisema, "Mwanangu, mimi nimewakalisha wazazi zaidi ya miaka 30 na seredani zao, na hakuna aliyenifia. Leo nyinyi mwasema inaua. Makaa yamebadilika?"

Makaa hayakubadilika, bibi. Nyumba ndizo zilizobadilika. Nyumba ulizokalishia wazazi zilikuwa za udongo na makuti. Kati ya ukuta na paa palikuwa na nafasi ya paka kupita. Makuti yenyewe yanapumua, na mlango ulikuwa wa mbao zilizoachana. Hewa mbaya ilipanda ikatoka juu, na hewa safi ikaingia chini, wala hakuna aliyejua kwamba nyumba ndiyo iliyokuwa ikimlinda. Zile nyumba za mawe za Amu nazo dari zake ziko juu na katikati pana kiwanda kilicho wazi kwa mbingu. Tazama sasa vyumba vya kupanga vinavyojengwa Mokowe tangu kazi za bandari na ofisi za kaunti zilipoleta watu. Ni tofali za simenti, mabati juu, dari ya mbao nyembamba, dirisha moja la kioo, mlango wa chuma, na tambara limesokotwa chini ya mlango kuzuia upepo. Chumba hicho ni kama sufuria yenye kifuniko. Na mabati usiku huwa ya baridi kuliko makuti, kwa hiyo mzazi anahisi baridi zaidi, anaongeza makaa zaidi, na kufunga zaidi. Desturi ni ileile, lakini imehamia katika nyumba isiyoiweza.

Huenda una ndugu aliyeko Ulaya au Marekani akakuambia kwamba huko watu huwasha jiko ndani ya nyumba wakalala nalo msimu mzima. Ni kweli. Yako majiko yanayokula vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, mengine huwasha moto wake kwa umeme. Lakini muulize ndugu yako jiko hilo limefungwa na nini. Limefungwa kwa bomba linalotoa hewa yote ya moto nje ya nyumba, na ukutani watu hutundika kidude cha kulia king'ora gesi ile ikionekana. Na pale watu wanapoacha utaratibu huo huangamia kama sisi. Februari 2021 katika jimbo la Texas baridi kali ilikuja, umeme ukakatika, na watu wakaingiza ndani majiko ya makaa, jenereta, na wengine wakawasha magari katika vyumba vya kuegeshea wapate joto. Zaidi ya watu 1,400 walikwenda kutafuta matibabu kwa ajili ya gesi hiyo, na watu wasiopungua 11 walikufa. Seredani yetu haina bomba. Bomba lake ni mapafu yako na ya mtoto.

Basi utaniuliza, nimpashe joto kwa nini? Mtoto nimwache apigwe na baridi?

Hapana. Mtoto anahitaji joto, tena anahitaji sana, na chombo cha kumpa unacho tayari. Ni kifua chako. Mwaka 1978 huko Bogotá, nchi ya Kolombia, daktari mmoja aitwaye Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati na mashine za kuwatia joto zilikuwa hazitoshi. Akawapa mama zao wawabebe vifuani, ngozi kwa ngozi, kama mnyama kangaruu anavyombeba mwanawe. Jambo lililoanza kwa uhaba likageuka kuwa tiba. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi tano, Tanzania na Malawi zikiwamo, kwa watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Wale waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo moja kuliko wale waliosubiri mashine kwanza. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba kila mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake au chini ya kilo 2.5 abebwe hivyo saa nyingi iwezekanavyo, kuanzia saa 8 mpaka siku nzima. Hata mtoto wa kilo 3 na nusu hukipenda kifua hicho hicho.

Kwa hiyo mama, fanya hivi. Vua sidiria, fungua vifungo vya kanzu mbele. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu. Msimamishe kati ya maziwa yako, kifua chake kigusane na kifua chako, uso umegeuka upande mmoja ili pua iwe wazi, miguu imekunjwa kama chura. Kisha mfunge kwa leso. Leso iishie usawa wa sikio lake na ikaze kiasi asiteleze, lakini si kumbana tumbo, maana mtoto hupumua kwa tumbo. Juu yake vaa kanzu au jifunike shuka. Hapo unaweza kukaa, kutembea chumbani, kula. Ukilala, jiegemeze kwa mito usilale chali kabisa. Ukichoka, mpe baba yake. Ndiyo, baba. Kifua cha mwanamume kina joto vilevile, na nimewaona mabaharia wenye mikono ya kuvuta nanga wakiwabeba watoto wao kwa leso ya mke, kwanza wanaona haya, baadaye hawataki kuwarudisha. Mama mkwe naye anaweza, shangazi anaweza.

Maziwa yako nayo ni kuni. Mtoto asiyenyonya hana cha kuwasha mwilini. Mwanzishe titi ndani ya saa moja ya kwanza, na usiku usimwache kwa sababu eti amelala vizuri.

Jambo la kuoga lina ubishi katika nyumba nyingi, kwa hiyo nitalisema wazi. Mtoto akizaliwa apanguswe akauke, nguo iliyolowa iondolewe, avikwe kavu, na kuoga kungoje angalau saa 24. Ule utando mweupe mwilini si uchafu, haumdhuru, mwacheni nao. Siku ya kuoga, mwogesheni mchana jua likiwa limepanda, dirisha la upande wa upepo limefungwa, maji ya uvuguvugu, haraka haraka, akaushwe kichwa kwanza.

Utajuaje kama joto limetosha? Usitazame mikono peke yake. Gusa nyayo, halafu gusa tumbo, kwa upande wa nyuma wa mkono wako. Vyote vikiwa na joto, mtoto yu salama. Nyayo zikiwa baridi na tumbo lina joto, baridi imeanza kumwingia, mweke kifuani sasa hivi. Nyayo baridi na tumbo baridi, hiyo ni hatari, mweke kifuani na uondoke naye kwenda kituoni akiwa hapo hapo kifuani. Ukiwa na kipimajoto, kwapani isomeke kati ya 36.5 na 37.5. Wala usizidishe. Saa saba mchana hapa Mokowe nimekuta mtoto kavikwa sweta mbili, kofia ya sufi na blanketi, anatoka jasho shingoni. Kanuni ni nguo moja zaidi ya unayohitaji wewe.

Tukirudi kwa seredani, sikusema uitupe. Maji ya kukanda yatachemka wapi? Iache barazani au uani, lakini ufanye ikupe moto wa kutosha upesi, maana wengi huingiza jiko ndani kwa kuwa nje haliwaki. Wakati wa kusi tatizo kubwa ni makaa yaliyolowa. Gunia lililolala juu ya ardhi hunyonya maji kutoka chini, kwa hivyo liinue juu ya mbao au mawe na ulifunike kwa nailoni. Makaa ya leo yaanike jana, au yaweke kando ya jiko linalowaka yakauke. Yapepete vumbi, kwa sababu vumbi huziba matundu. Toa jivu la jana lote na ufungue kile kimlango cha chini, wengi hukisahau. Washa kwa vifuu vya nazi vilivyokauka, vina mafuta na hushika haraka. Usiwashe kwa mifuko ya plastiki wala usimwage mafuta ya taa juu ya jiko lililokwisha kushika. Geuza mgongo wa ukuta uwe upande wa kusi ili upepo usiyapige makaa moja kwa moja. Kama jiko lako ni lile lenye bitana ya udongo ndani na udongo umepasuka, moto unapotea ubavuni, lipeleke likatiwe udongo mpya. Funika sufuria. Maji yakishachemka, yatie kwenye chupa ya chai, na ya kukanda usiku unayo bila kuwasha tena.

Ukitaka kupasha kitanda, tia maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri, izungushie leso, iweke kitandani robo saa, kisha iondoe kabla ya kumlaza mtoto. Chupa haikai na mtoto. Ngozi yake inaungua na hata kulia anaweza asilie.

Na ukiingia nyumba ukakuta watu wawili au watatu wanaumwa kichwa, wanatapika au wamelegea kwa wakati mmoja, na humo mna jiko, usikae kuwauliza. Fungua milango na madirisha, watoe nje wote, mtoto kwanza, halafu ndipo utoe jiko. Wapeleke kituo cha afya usiku huo huo hata kama wanasema sasa hawajambo. Katika hewa ya kawaida huchukua saa 4 au 5 nusu tu ya gesi ile kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni ya maski huwa ni kama saa moja na nusu. Mjamzito asingoje kabisa, kwa kuwa mtoto tumboni huumia kuliko mama yake na hutoka kwenye sumu hiyo polepole zaidi. Na ukifika, neno la kwanza umwambie muuguzi liwe, "Kulikuwa na jiko la makaa chumbani." Kile kipimo kinachobanwa kidoleni kinaweza kuonyesha namba nzuri na mgonjwa akawa na sumu, hakitofautishi abiria na abiria. Sisi wauguzi tusipoambiwa tutakwenda kwenye malaria, kama tulivyokwenda usiku ule.

Limebaki swali moja ambalo huulizwa kila ninapomaliza mazungumzo haya, na ni la haki. "Mimi nina chumba kimoja. Sina baraza, sina ua, na mvua imenyesha tangu asubuhi. Nitapikia wapi?" Mama, pikia mlangoni, jiko likiwa kwenye kizingiti au nusu nje chini ya ukingo wa paa, mlango wazi wote na dirisha lililoelekeana nalo wazi, ili upepo upite. Mtoto akae upande wa pili na mtu mwingine, kifuani. Mwombe jirani mwenye baraza, au mchemshiane kwa zamu. Ukimaliza kupika, jiko litoke nje kabla hujaufunga mlango. Mvua ikilinyeshea, na linyeshewe. Kesho utayaanika makaa.